Nta Haitoki kwa Nyuki Mmoja

Ndugu msomaji, iwapo umewahi kusahihisha insha za Kiswahili za watoto wa shule ya msingi, hapana shaka umekutana na sentensi hii: mwalimu ni mshumaa, huwamulikia wengine huku ukiteketea. Mimi sikukutana nayo tu, bali niliifundisha. Niliiandika ubaoni kwa mkono wangu mwenyewe mwezi wa Mei 2014, katika shule moja ya Kutulo, nikawataka wanafunzi wa darasa la nane wainakili katika madaftari yao chini ya kichwa "Istiari". Walipomaliza kunakili, msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono.

"Mwalimu, mshumaa ukishateketea, giza si linarudi palepale? Sasa umesaidia nini?"

Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka nao. Nikamwambia kuwa swali lake ni zuri na kwamba tutalijibu siku nyingine. Wenzangu walimu wanaijua njia hiyo. Ndiyo tunayopitia tunapolikimbia swali. Makala haya ni jibu lililochelewa kwa zaidi ya miaka kumi.

Kutulo ni mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Wajir kuelekea Elwak na Mandera. Ni nchi ya ngamia, migunga na vumbi jekundu, ambako maji huheshimiwa kuliko fedha. Mimi ni mzaliwa wa Mwingi, katika Ukambani, na nilipelekwa huko nikiwa mwalimu mpya, sijui neno hata moja la Kisomali isipokuwa salamu. Nilipokewa vizuri. Wazee waliniita "mwalimu" kabla hawajanijua jina, na bibi mmoja aliyeishi jirani na nyumba za walimu aliniletea maziwa ya ngamia siku ya pili tu. Watoto wote walimwita ayeyo, yaani nyanya, nami nikamwita hivyo hivyo. Msichana yule wa dirishani alikuwa mjukuu wake.

Baada ya swali lile niligundua jambo lililonifadhaisha. Wanafunzi wangu waliujua mshumaa kama neno kuliko walivyoujua kama kitu. Nyumbani walitumia tochi na taa ndogo za sola. Mishumaa ya dukani waliiona kwa nadra, tena ile myeupe ya nta ya parafini, ambayo katika joto la Kutulo hupinda kabla ya kuwashwa. Kwa hiyo nilikuwa nimewapa istiari isiyo na mwili. Walikuwa wakiibeba kwenda nayo katika mtihani kama mtu abebaye sanduku asilolijua lina nini ndani.

Wakati huo huo, katika sanduku la vitabu vya msaada vilivyokuwa vikiliwa na mchwa kabatini, walikuta kitabu cha picha cha watoto wa Sweden. Katika ukurasa mmoja wasichana waliovaa kanzu nyeupe walikuwa wakitembea thelujini, na aliyewatangulia alikuwa na taji la mishumaa kichwani. Wakaniuliza maana yake. Nikawaeleza kwamba katika nchi za kaskazini ya mbali, mwezi wa Desemba, jua huchomoza kwa saa chache tu, na kwamba tarehe 13 ya mwezi huo watu wa Sweden huadhimisha siku ya Mtakatifu Lusia kwa mishumaa, kana kwamba wanaukumbusha mwanga njia ya kurudi. Tukafungua ramani. Kutulo iko karibu mno na mstari wa Ikweta, hivi kwamba usiku mrefu kabisa wa mwaka hauupiti ule mfupi kabisa hata kwa nusu saa. "Basi sisi," alisema mvulana mmoja, "hatuna usiku wa kusherehekea."

Ayeyo ndiye aliyelikanusha neno hilo. Mjukuu wake alipomsimulia habari za Sweden, alicheka akasema kuwa hata Wasomali wana moto wao wa mwaka. Unaitwa Dabshid. "Dab" ni moto, na "shid" ni kuwasha. Huwashwa mwaka wa jua wa Wasomali unapoanza, kati ya mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, katika majira ya upepo na ukavu wanayoyaita hagaa. Watu huukoka moto mkubwa usiku, wakauruka, wakacheza na kuimba. Alisema aliuruka alipokuwa msichana mdogo, upande wa pili wa mpaka, akaunguza pindo la nguo yake na kupigwa na mama yake.

Nilipolisikia hilo nilikumbuka somo nililofundishwa chuoni kuhusu Siku ya Mwaka, au Nairuzi, katika mwambao wa Waswahili. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwezi wa Julai watu hukusanyika kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa vigogo vya migomba ili kutoa vinyongo vya mwaka uliopita, na kibanda cha makuti hujengwa na kutiwa moto. Jina la Nairuzi lina asili ya Kiajemi. Tazama basi, ndugu msomaji: ayeyo wa Kutulo ambaye hakuwahi kuiona bahari, na mvuvi wa Makunduchi ambaye hakuwahi kukamua ngamia, wote huukaribisha mwaka wa jua kwa moto, na wote huukaribisha katikati ya mwaka wa kalenda ya ukutani, wakati ambapo kwetu Mwingi tunajifunika blanketi kwa baridi ya kipupwe. Usiku wa kusherehekea tulikuwa nao. Hatukuwa na mishumaa tu.

Nta nilijua pa kuipata. Mwingi ni nchi ya asali. Asiyejua hilo na apite katika barabara ya kwenda Garissa azione chupa zilizopangwa kando ya njia. Baba yangu alikuwa na mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, na baada ya kurina na kukamua asali, masega aliyatupa au kumpa yeyote aliyeyataka. Nilimpigia simu nikamwomba ayayeyushe, ayachuje kwa kitambaa, anitumie nta. Alidhani Kutulo imenitia wazimu. Hata hivyo, wiki mbili baadaye, basi lililotoka Nairobi lilinishushia mfuko uliokuwa na kilo mbili za nta ya manjano iliyonukia mzinga.

Ilikuwa Ramadhani. Watoto wangu wengi walikuwa wamefunga, na harufu ile ya asali iliwajia saa tisa alasiri kama mtihani wa pili. "Mwalimu," alilalamika mmoja, "unataka kutuvunjia saumu kwa pua?" Tukakubaliana kwamba nta ifungwe katika gunia mpaka jioni.

Kabla hatujaanza, mambo yaliingia dosari. Habari zilimfikia maalim wa duksi kwamba mwalimu Mkristo alikuwa akiwafundisha watoto kutengeneza vitu vya kanisani, tena kwa ajili ya sikukuu iliyo katika kitabu chenye picha za watu wenye taji. Alikuja shuleni asubuhi, mtu mpole wa ndevu zilizotiwa hina, akaketi nje ya ofisi akinisubiri nimalize kipindi.

"Mwalimu," alisema, "sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Hivi vitu ni vya ibada?"

"Hapana, Maalim. Ni vya kusomea."

"Na moto wa mwaka anaousema yule mama mzee? Huo nao si wa dini yetu."

Sikuwa na jibu la kitaalamu. Nilimwonyesha madaftari yenye istiari ile, nikamwambia swali la msichana wa dirishani, nikalileta bonge la nta mezani. Alilinusa kwa muda mrefu. Kisha akanikumbusha kwamba katika Kurani imo sura nzima yenye jina la nyuki, ya 16, na kwamba mdudu huyo hana ubaya. Akatoa masharti yake: mishumaa isiwashwe ndani ya Ramadhani, pasiwe na nyimbo za kuabudu, na kila mtoto atakayeshika mshumaa ashike na kitabu. Niliyakubali yote. Hadi leo naona kuwa sharti la tatu lilikuwa bora kuliko mpango wangu wote.

Tulifanya kazi ile katika siku za mwisho za mfungo, jioni, chini ya mgunga ulio nyuma ya darasa. Upepo wa hagaa ulivuma mfululizo, basi tukatundika magunia kuukinga. Tulikoka moto wa makaa kati ya mawe matatu, tukateleka sufuria kubwa ya maji, na ndani yake tukasimamisha kopo refu la maziwa ya unga lililojaa vipande vya nta. Niliwaeleza kwamba nta haiwekwi juu ya moto moja kwa moja, kwa kuwa huweza kushika moto kama mafuta. Huyeyushwa kwa maji ya moto, nayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hivi. Nilikaa mimi mwenyewe karibu na sufuria, na mstari ulichorwa mchangani ambao mtoto hakuruhusiwa kuuvuka ila kwa zamu yake.

Utambi tuliusuka kwa nyuzi tatu za pamba. Kila mtoto alifunga kokoto kwenye ncha ya chini ili utambi unyooke, akaja kwenye kopo, akachovya, akatoa, akaondoka akishika kijiti chake na kusubiri nta igande. Mchovyo wa kwanza hauonyeshi kitu. Uzi hukakamaa tu. Wa pili nao hivyo. Kufikia wa tano wavulana wawili walikuwa wamekata tamaa. Nikawauliza ni nani anayekumbuka methali ihusuyo kuchovya, na sauti nyingi zikaitika kwa pamoja: "Mchovya asali hachovyi mara moja!" Walikuwa wameikariri tangu darasa la nne. Jioni ile waliicheka kwa sababu waliiona mikononi mwao.

Waliochovya haraka mno, kabla ya tabaka la kwanza kupoa, waliona nta ikiwayeyukia na kurudi koponi. Waliokawia sana walikuta tabaka jipya halishikamani vizuri na lile la zamani. Mchovyo wa 25 ulipofika, kila mmoja alikuwa na mshumaa mnene kama kidole gumba, wa manjano, uliopindapinda kidogo. Msichana wa dirishani akaniambia kuwa kwa Kisomali mshumaa ni "shamac", na akashangaa nilipomweleza kwamba lugha zetu zote mbili zimelitoa neno hilo katika Kiarabu. "Basi," akasema, "tumekopa duka moja."

Tukiwa tunasubiri nta igande, niliwapa hesabu. Nyuki wafanyakazi wachanga hutoa nta katika matezi yaliyo chini ya tumbo, ikatoka kama magamba membamba sana. Kisha huyatafuna na kuyajenga kuwa sega. Ili kutengeneza kilo moja ya nta, nyuki hula kama kilo 6 hadi 8 za asali. Je, kilo zetu mbili ziligharimu asali kiasi gani? Walipopata jibu, kati ya kilo 12 na 16, walikaa kimya. Mmoja akauliza kama nyuki mmoja anaweza kutengeneza mshumaa mmoja akipewa muda wa kutosha. Nikamwambia hapana, atakufa kabla ya kuujaza hata utambi wenyewe.

Tuliiwasha usiku wa tatu baada ya Idi. Tuliisimika katika makopo yenye mchanga, tukayapanga barazani kwa darasa letu mahali ambapo ukuta uliuzuia upepo. Zilikuwa nuru 26. Kila mtoto alisoma ukurasa mmoja wa kitabu alichokichagua, kwa sauti, mpaka wa mwisho. Maalim alikuja, akasimama mbali kidogo akiwa na tasbihi. Ayeyo naye alikuja, amejitanda shuka. Kusoma kulipokwisha aliomba kopo moja liwekwe chini uwanjani. Akamwita kitukuu wake, mtoto wa miaka minne hivi, akamnong'oneza sikioni. Mtoto akapiga mbio akauruka mshumaa. Watu wazima waliokuwapo wakacheka. Nilimtazama maalim kwa hofu. Alikuwa ameinua uso akiziangalia nyota, na hakuushusha mpaka mtoto alipomaliza.

Asubuhi tulikusanya nta iliyochuruzika katika makopo. Ndipo nilipodhani nimepata jibu la swali lile. "Tazama," nilimwambia yule msichana, "mshumaa hauteketei wote. Mabaki yake huweza kuyeyushwa yakawa mshumaa mwingine." Alilipokea bonge tulilolifinyanga, lililokuwa dogo kama yai la kuku, akalipima kwa kiganja. "Mishumaa 26, Mwalimu, na hili ndilo lililobaki?" Hakukuwa na dharau katika sauti yake. Alikuwa anahesabu tu.

Mtihani wa darasa la nane ulikwisha mwanzoni mwa Novemba. Nilimwachia bonge lile alitunze mpaka Januari, nikapanda basi kwenda nyumbani kwa likizo. Alfajiri ya tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, magaidi waliliteka basi lililokuwa likielekea Nairobi, wakawatenga abiria wasiokuwa Waislamu na kuwaua watu 28. Miongoni mwao walikuwamo walimu wengi waliokuwa wakirudi makwao kama nilivyorudi mimi siku chache kabla, kwa njia ileile. Januari ilipofika, walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwezi wa Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kikashambuliwa, watu 148 wakauawa, na hakuna tena nyumbani kwetu aliyelitaja jina la Kutulo mbele yangu.

Sijitetei, wala sijilaumu kupita kiasi. Aliyeogopa kufa hana haja ya kutafuta tamathali ya usemi ya kujificha nyuma yake. Lakini nakiri kwamba kila nilipokutana na istiari ile katika insha za watoto wa shule yangu mpya, kalamu nyekundu ilinitetemeka. Nilikuwa mshumaa uliojizima.

Kisha tarehe 21 Desemba 2015, siku ambayo usiku wake huko kaskazini ndio mrefu kuliko zote, basi jingine lilishambuliwa karibu na Elwak, mbele kidogo ya Kutulo katika barabara ileile. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao. Kuna wanawake waliowapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya Mandera, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alipigwa risasi, akafariki hospitalini Nairobi mwezi wa Januari 2016. Nilipolisoma hilo nililia, na nikafikiri kwanza kuwa huyu ndiye mshumaa wa kweli. Baadaye nilijirudi. Kumwita mshumaa ni kumwacha ateketee peke yake, ilhali jambo kubwa la siku ile ni kwamba hakuwa peke yake. Basi zima lilikataa. Hiyo ilikuwa kazi ya mzinga.

Mwezi wa Juni mwaka huu nilipigiwa simu kwa nambari nisiyoijua. Sauti ilikuwa ya mwanamke, na Kiswahili chake kilikuwa sanifu kuliko changu cha nyumbani. "Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi wa dirishani." Ayeyo amekwisha kufariki. Yeye amehitimu ualimu, anafundisha Kiswahili huko huko. Bonge lile alilitunza mpaka likizo ya Agosti 2015, mwaka ambao ndugu zake wadogo hawakuwa na mwalimu wa Kiswahili kwa muda mrefu. Akaliyeyusha, likatoa mishumaa miwili myembamba, akawafundisha kwa nuru hiyo mpaka ikaisha.

"Mwalimu, kilo ya nta Mwingi siku hizi ni pesa ngapi?"

Nilimwambia hainunuliwi, baba bado ana mizinga. Kisha nikamuuliza kwa aibu kama yeye huifundisha istiari ile. Akasema huifundisha, kwa kuwa imo vitabuni na watoto huipenda. "Lakini nikishaiandika ubaoni," akasema, "huwauliza: na nta ililetwa na nani?"

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakutuambia tumfuate nyuki mmoja. Tunawafundisha vijana wetu kwamba mwalimu bora ni yule anayejimaliza, kisha tunashangaa wanapojimaliza au, kama mimi, wanapokimbia. Nadhani tungewatendea haki zaidi tukiwafundisha kuuliza swali lake yule msichana, na kuutafuta mzinga ulio nyuma ya kila nuru.

Wiki iliyofuata nilikwenda stendi ya Mwingi na mfuko wenye kilo mbili za nta. Basi la Mandera lilifika jioni. Nilimpa utingo mfuko, nikamwandikia jina na nambari ya simu ya mpokeaji wa Kutulo. Aliunusa, akatabasamu, kisha akanitazama mimi na mkoba wangu begani.

"Mwalimu, ni mzigo tu, au na wewe unapanda?"

"Safari hii," nikamjibu, "ni mzigo tu."